Mti wa Ukoo wa Mkandarasi

Mkunga hakuwa mtu wa kuona kinyaa kwa vitu vidogo. Damu, maji ya uzazi, kondo la nyuma lililogoma kutoka, matapishi ya mama mwenye uchungu, yote hayo aliyashika kwa mikono yake katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya mpaka alipostaafu, na akitoka hapo alinawa, akala, akashiba. Lakini mababu wa watu, loo! Mababu wa watu walimshinda tumbo.

Kazi ya kutafuta nasaba hakuiomba, ilimjia yenyewe. Kule wodini alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mwanamke anayekuja kujifungua: mama yako alizaa kwa shida? Na bibi yako je? Kwa sababu nyonga nyembamba na kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa ni mambo yanayotembea na wanawake wa nyumba moja, na mkunga asiyeuliza atakuja kujuta maiti ikiwa kitandani. Basi akauliza, mwaka baada ya mwaka, kichwa chake kikajaa wanawake wa wilaya nzima: nani kazaliwa na nani, nani kalelewa na nani, pacha wa nani alikufa akabaki nani. Alipostaafu akaanza na ukoo wake mwenyewe. Akawauliza wajomba na baba wadogo jina la mama aliyemzaa bibi yake. Wakamtajia wanaume, baba wa baba wa baba, mpaka wakaishiwa pumzi, lakini mama huyo hakuna aliyemjua. "Alikuwa mke wa mzee," wakasema, kana kwamba wamejibu. Mkunga akavaa raba zake, akachukua brashi ya kusugulia mawe ya makaburi, akazunguka vijiji na majiko ya watu mpaka akampata. Habari zikaenea. Haukupita muda, akaanza kubishiwa hodi na watu wanaotaka nao watafutiwe wa kwao.

Hapo ndipo kinyaa kilipoanza. Siku hizi mtu akijenga nyumba ya maana, akishapiga rangi na kuweka geti, anataka mti wa ukoo sebuleni. Si kwamba anataka kujua. Anataka kutundika. Na wote, wote jamani, mababu zao walikuwa wakubwa! Muuza nyama wa sokoni, babu yake alikuwa chifu. Mwenye mashine ya kusaga, babu yake alikuwa mshauri wa chifu. Yule fundi cherehani wa karibu na posta, eti babu yake ndiye aliyemfundisha chifu kupigana vita. "Sasa nani alikuwa analima?" Mkunga alimuuliza siku moja. "Au wilaya hii ilikuwa ya machifu watupu, wamekaa wanaangaliana kwa njaa?" Fundi akacheka mpaka akapaliwa, akidhani anataniwa. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alimwomba, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba dawa ya ugonjwa wa aibu, amfute dada yake aliyekuwa na kichaa. Mama mwingine, mtu wa ibada asubuhi na jioni, alitaka mtoto aliyemzaa usichanani aandikwe kama mdogo wake. Ptuu! Mkunga alikuwa akirudi nyumbani anasugua mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na bado anajiona mchafu.

Ndiyo maana akaweka sharti. Kila mti aliuchora kwanza kwa penseli, na kabla ya kutia wino aliwakusanya wenye ukoo akawasomea majina, moja baada ya jingine. Aliye hai huitika "nipo". Aliyekufa huitikiwa na mtu: "nilimzika mimi", au "alizikwa na mama, akanihadithia". Jina lisiloitikiwa halipati wino. Anayetaka kumfuta mwenzake, haya, amfute mbele ya macho yake. Sharti hilo liliwafukuza wateja kadhaa, na Mkunga hakuwasikitikia hata kidogo.

Aliyelishangilia kuliko wote alikuwa Mkandarasi, na hilo peke yake lingetosha kumshtua.

Mkandarasi ndiye aliyejenga nusu ya madaraja ya wilaya, na nusu hiyo ndiyo inayosombwa na maji kila masika. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kushika mkono wa mgeni asiuachie, na kiganja chake kilikuwa na jasho hata asubuhi. Alimkaribisha Mkunga kwenye sofa zilizofunikwa nailoni, zile ambazo ukikaa na joto likapanda unanasa, ukisimama unabanduka kwa kelele ya aibu. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya babu yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Babu Mkuu. Mchoraji alikuwa amemwongezea tai, na juu ya tai, kifuani, nishani inayong'aa.

"Nishani ya nini?" Mkunga aliuliza.

"Ya heshima tu," alisema Mkandarasi. Alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Kila alichokitoa alikitazama kwanza, kisha akakirudisha mdomoni. Mkunga aliyaondoa macho yake akayapeleka dirishani.

"Nyumba hii ni ya ukoo, Mama Mkunga," Mkandarasi aliendelea. "Babu Mkuu aliiacha kwa watu wake. Jumapili wote wanakuja. Nataka mti uwe tayari, utusomee, kisha tuutundike pale chini ya picha. Baada ya hapo kila mtu ajue: aliyemo, yumo, ana haki ya kukaa hapa. Asiyemo, hayumo."

"Na asiyemo anafanywa nini?"

"Anaondoka. Kwa heshima zote."

Mkewe aliingia na kopo la dawa ya kunukiza nyumba, akapuliza juu ya vichwa vyao, fsss, fsss, harufu ya maua ya dukani ikakaa juu ya harufu ya mafuta yaliyokaangiwa samaki jana yake, na mbili hizo hazikupatana. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka, wa kupanga vitu. Alimwambia Mkunga, kwa furaha kabisa, kwamba Jumatatu mafundi wanakuja kubomoa chumba cha uani ili wajenge banda la wageni, lenye bafu ndani. Na papo hapo, kutoka uani, mtu akakohoa.

"Nani huyo?" Mkunga aliuliza.

"Shangazi," alisema Mkandarasi. "Yaani, tunamwita shangazi tu."

"Si dada wa baba yako?"

Mkandarasi akacheka, mwili mzima ukatikisika na nailoni ikalia chini yake. "Ni hadithi ndefu. Mama yake alikuwa msichana wa kazi hapa nyumbani. Na Babu Mkuu, sasa, unajua wanaume. Aliteleza kidogo."

"Kidogo tu," alisema mkewe, na wote wawili wakacheka.

"Aliteleza akaangukia wapi, mwanangu?" Mkunga aliuliza. "Basi ni mtoto wake?"

"Hilo hakuna anayelikataa. Mzee mwenyewe alimkubali, akamlea hapahapa. Alikuwa na moyo mkubwa yule. Lakini mti utatundikwa sebuleni, mama. Watu watauliza, na huyu mama yake nani? Tuandike nini, msichana wa kazi?" Akaitupa njiti kwenye zulia. "Wewe fuata sharti lako. Soma majina. Shangazi akiitika, vizuri sana, tutamkaribisha. Asipoitika..." Akafungua viganja vyake. "Magoti yake, masikini, hata hapa sebuleni hayamfikishi."

Ilimchukua Mkunga muda kuelewa kwamba sharti lake, alilolitunga kuwabana waongo, mtu huyu amelishika mpini na analielekeza kwa kikongwe mwenye magoti mabovu. Mate yakamjaa mdomoni, yale maji maji ya mtu anayekaribia kutapika. Akayameza.

"Naomba kumwona," alisema.

Matofali ya banda la wageni yalikuwa yamepangwa kwenye ukuta wa chumba cha uani mpaka juu ya dirisha, kwa hiyo ndani palikuwa giza mchana kweupe. Palinuka ukungu, panya, na mkojo uliokauka. Mlangoni palikuwa na kopo la siagi, tupu, lenye utandu wa mchuzi uliogandana, na inzi wawili wakitembea humo kwa raha zao. Hiyo ndiyo ilikuwa sahani ya Shangazi. Kule jikoni Mkunga alikuwa ameona kabati zima la vyombo vya udongo vyenye ua la bluu.

Mwenyewe aliketi wima kitandani, mkavu, msafi, kitambaa cheupe kichwani, akifumua sweta kuukuu na kuviringa uzi.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Usikae kwenye kiti, kina kunguni. Kaa hapa kitandani. Wapo pia, lakini hawa wameshashiba."

Mkunga alikaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka.

"Dada, unajua wanachokipanga?"

"Wameniziba dirisha kwa matofali, nitaachaje kujua? Wanataka kunipeleka nyumba ya wazee. Mke wa Mkandarasi aliniambia kuna televisheni." Akavuta uzi. "Kwamba nikifa nife naangalia habari."

Mkunga damu ilimchemka. Akamshika yule mama mkono, akamweleza: mti ukitundikwa, aliyemo ana chumba, asiyemo hana. Wao wanategemea hatafika kuitika. "Lakini wewe ni mtoto wa yule mzee, na wote wanakiri. Jumapili nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe. Nitakushika mkono, tutakwenda polepole, utakaa mbele yao. Nikisoma jina lako, sema nipo. Neno moja tu, dada, basi. Hawatakuwa na pa kukutolea."

"Na yeye utamwandika wapi?"

"Nani?"

"Mzee."

"Juu kabisa. Ndiye shina."

"Na mimi chini yake."

"Chini yake, sawa na kaka zako. Pasiwe na kubaguliwa."

Shangazi aliviringa uzi. Donge la uzi lilikuwa limefikia ukubwa wa chungwa aliposema tena. "Haya," alisema. Mkunga akaichukua haya hiyo kama kukubali, akatoka humo amejaa ari, na usiku haujaingia akawa ameshauchora mstari wa Shangazi, ameukandamiza penseli mpaka karatasi ikabonyea.

Siku zilizobaki aliwazungukia ndugu wengine kukusanya majina. Kila nyumba alikokwenda walimpa hadithi ileile, imelainika kwa kutumika sana: mzee aliteleza, mzee alikuwa na moyo mkubwa, mwingine angemfukuza yule msichana na mimba yake. Mbaya kuliko wote alikuwa Baba Mdogo, mtoto wa mwisho wa Babu Mkuu na ndiye pekee wa wanawe wa kiume aliye hai, dereva mstaafu aliyekuwa na meno ya bandia. Aliyatoa ili azungumze vizuri, akayaweka mezani karibu na kikombe cha Mkunga, yamelowa, na chembe ya wali imenasa kwenye gego.

"Msichana mwenyewe alikuwa mchangamfu," alisema kwa ufizi. "Anacheka cheka. Mzee afanye nini?"

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa sijazaliwa. Lakini ndivyo tulivyoambiwa."

"Na nani?"

"Na mzee." Akayarudisha meno, yakalia kwa sauti ya kifuniko kinachofungwa. Chai ile Mkunga hakuigusa. Aliaga akiwa bado na kiu, akatembea na jua mpaka kwake, na njia nzima alijiambia kwamba Jumapili atawaonyesha. Hilo tu lilimpa nguvu. Angemweka yule mama pale pale walipokuwa hawataki awe, chini ya nishani yao ya uongo, na wangelazimika kumtazama kila wanapokula.

Jumapili sebule ilijaa. Wanaume walikuwa wamechukua sofa zote, Baba Mdogo katikati yao, wanawake walikalia viti vya kulia chakula, watoto zuliani. Fremu ilikuwa tayari, kubwa, rangi ya dhahabu, imeegemezwa ukutani inasubiri. Mkunga hakuketi. Alipita moja kwa moja kwenda uani, na sauti za watu zikapungua nyuma yake.

Ilikuwa safari. Shangazi aliweka uzito wote kwenye mkono wa Mkunga, akapumzika kwenye ngazi za jikoni, akapumzika tena kwenye friji. Walipoingia sebuleni Mkandarasi alisimama na uso wake ukajaribu kutabasamu, ukashindwa katikati ya kazi.

"Shangazi! Umejisumbua bure, tungekuletea habari."

"Nimezifuata," alisema Shangazi. Binti mmoja wa ukoo akampisha kiti.

Mkunga akakunjua karatasi juu ya meza. Alisoma kuanzia chini, watoto kwanza, kwa sababu watoto huchoka upesi. Nipo. Nipo. Mmoja alikuwa amelala, mama yake akamwitikia. Binti wa Mkandarasi, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye zulia na soksi za shule miguuni, akaitika nipo bila kuinua macho kutoka kwenye simu ya mama yake. Wakaja wazazi wao. Wakaja marehemu, na kila mmoja akapata wa kumwitikia, na wanawake wawili wakafuta machozi, na kwa kitambo kidogo palikuwa na kitu kama heshima mle ndani. Mkunga akafika kwa watoto wa Babu Mkuu. Wa kwanza, nilimzika mimi. Wa pili, alizikwa na mama. Baba Mdogo, nipo, meno yakalia.

Akasoma jina la Shangazi.

Mkandarasi alivuta pumzi akaizuia. Mkewe alikuwa ameshika kopo lake la manukato kama fimbo. Yule mama aliketi wima, mikono mapajani, anaitazama ile picha ukutani.

"Dada," Mkunga alinong'ona. "Sema."

"Nipo," alisema Shangazi. "Lakini si hapo."

"Unasemaje?"

"Nimesema si hapo. Nitoe chini ya huyo mtu."

Mkandarasi alijipiga paja. "Amesema mwenyewe! Mmesikia? Hakuna aliyemfukuza, amesema kwa mdomo wake mbele ya watu wote!" Furaha yake ilikuwa ya wazi, ya kitoto, yenye mate pembeni mwa mdomo. Mkunga alitamani kumpiga na karatasi ile usoni.

"Dada yangu, subiri," alisema. "Ukitoka hapa huna chumba. Si tulishakubaliana?"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilisema haya." Shangazi hakupandisha sauti. "Chumba nakijua, mdogo wangu. Nimelala humo maisha yangu yote. Mama yangu alilala humo kabla yangu, na mlango ulikuwa na kitasa kwa nje tu. Hawa wanasema mzee aliteleza. Mtu huteleza mara moja. Yeye alikuwa anakuja kila mkewe akienda shambani, na shamba lilikuwa kubwa, kulikuwa na kulima, kupalilia na kuvuna. Alianza kabla sijazaliwa na hakuacha nilipozaliwa. Mimi nilikuwa nalazwa chini, juu ya gunia, naambiwa nigeuke ukutani. Leo mnaniita nije niitike niko chini yake? Nimekaa chini yake vya kutosha."

Mkunga alihisi uso unamwaka moto. Yeye! Yeye aliyemuuliza kila mwanamke wa wilaya hii habari za mama yake kabla hajamvua hata viatu, alikaa juu ya kitanda cha huyu, akamshika mkono, akamweleza habari za mzee, mzee, mzee, na swali lake la siku zote hakuliuliza. Alikuwa na haraka ya kuwakomoa watu. Aliwaza mstari ule aliokuwa ameukandamiza kwa penseli, jinsi alivyoufurahia, na akajichukia.

"Mama yako," alisema. "Nieleze habari za mama yako."

"Mlichelewa kuniuliza." Lakini alilitaja jina. Watu wakatazamana. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyewahi kulisikia, wao walikuwa na "yule msichana" tu, tangu hapo mpaka leo. Mkunga alitoa karatasi mpya kwenye mkoba, akaiweka juu ya mti wa Mkandarasi, akaliandika jina hilo, na chini yake la binti yake.

"Nilimzika mimi," alisema Shangazi. "Nilikuwa mkubwa tayari. Alikuwa anaosha vyombo vya nyumba hii, akaketi chini, basi. Andika na umri wake aliponizaa."

"Unaujua?"

"Alinihesabia mwenyewe, tena kwa vidole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwamini. Kumi na mitatu."

Kalamu ya Mkunga ilisimama. Aliwahi kuwapokea wa umri huo. Wachache, lakini hata mmoja hakumsahau: jinsi walivyokuwa wakiwaita mama zao, jinsi nyonga ilivyokataa, jinsi mmoja alivyomuuliza, kichwa cha mtoto kikiwa mlangoni, kama anaweza sasa kwenda nyumbani. Akaandika. Miaka kumi na mitatu.

"Kama mimi," ilisema sauti kutoka chini.

Ilikuwa ya binti wa Mkandarasi. Alikuwa ameiacha simu, amejiinua kwa viwiko, anamtazama Shangazi kwa udadisi wa mtu aliyegundua kwamba yeye na mwenzake wana siku moja ya kuzaliwa. Soksi moja ilikuwa imemshuka mpaka kwenye kifundo.

Mama yake aligeuka kumtazama, na akabaki anamtazama.

Baba Mdogo alikohoa. Alijiweka sawa kwenye sofa, nailoni ikalalamika. "Jamani, tusikuze mambo," alisema. "Zamani ilikuwa zamani. Wasichana wa wakati ule walikuwa wanakomaa mapema."

"Mapema vipi?" aliuliza mke wa Mkandarasi.

"Mkwe wangu, ninachosema ni kwamba..."

"Mapema vipi, nakuuliza?" Kopo lilimtoka mkononi likabiringika chini ya meza, wala hakulitazama. Alipiga magoti zuliani, akamshika binti yake mabega, akamgeuza awaelekee wanaume. "Haya. Mwangalie huyu. Mwangalie vizuri, kisha unirudie hayo maneno."

Baba Mdogo aliangalia mikono yake. Yule wa pembeni yake aliangalia saa. Mwingine akaona kitu cha kuangalia darini. Sofa nzima ya wanaume wenye akili zao, waliocheka hadithi ile kwenye kila harusi na kila msiba, na hakuna mmoja aliyeweza kumtazama mtoto mwenye soksi. Msichana alianza kuogopa bila kujua anachokiogopa.

"Mama, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

Mkandarasi alikuwa bado amesimama, na kile kicheko chake cha ushindi kilikuwa hakijamwisha chote usoni, kilikuwa kimemganda kama mafuta ya jana. "Mke wangu," alisema kwa upole, "wageni wapo. Fremu ipo. Tumalize, haya mengine tutazungumza wenyewe."

"Kesho mafundi wasije," alisema mkewe.

"Lakini tulisha..."

"Wasije." Alimpandisha binti yake soksi, akainuka naye, na akaenda kusimama upande wa pili wa chumba, nyuma ya kiti cha Shangazi, mbali na sofa.